Kivumishi "anguine": cha nyoka, cha kinyoka, au cha mkunga?

KalamuButu
Wakuu, salaam. Natafsiri hadithi fupi ya Kiingereza na nimekwama kwenye sentensi moja. Mwandishi anaeleza mizizi ya mti mkubwa iliyolikumbatia gofu, anasema ina "anguine patience". Hiyo subira naielewa. Neno lililoitangulia ndilo limenikalia kooni. Kamusi yangu ndogo haina. Ile kubwa inasema tu "-a nyoka; mithili ya nyoka", basi imeishia hapo.

Sasa kama maana ni hiyo, kwa nini hakuandika "serpentine", neno analolijua kila mtu? Nauliza mawili: limetoka wapi, na limebeba nini ambacho mwenzake hakibebi? Wenye Kilatini chao nawasubiri.

MtambaaPembeni
Naweka mkeka hapa. Wajuzi waje.

NusuKamusi
Mkuu, mbona rahisi. Hilo ni ndugu wa "anguish", dhiki ya moyo. Chatu anavyolibana windo lake ndivyo dhiki inavyombana mtu. Andika "subira yenye uchungu" uendelee na kazi.

MzeeWaMizizi
NusuKamusi, hapo umewaozesha watu wasiojuana.

Anguish imetoka kwenye kitenzi cha Kilatini *angere*, yaani kukaba, kubana. Kutoka hapo wakapata *angustus*, chembamba, na *angustia*, ufinyu au dhiki, ambayo ilipitia Kifaransa cha kale ndipo ikaingia Kiingereza. Angina, yale maumivu ya kifua kubana, ni wa ukoo huohuo. Nyoka hamo kabisa.

Anguine imetoka kwenye *anguis*, nyoka. Warumi walichukua shina wakalitia kiambishi tamati *-inus*, kilekile walichowatilia wanyama wengine: *canis* mbwa akazaa *caninus*, *equus* farasi akazaa *equinus*, *lupus* mbwamwitu akazaa *lupinus*. Kwa hiyo *anguinus* ni -a nyoka, kama *equinus* ilivyo -a farasi. Kiingereza kikakata mkia, kikabaki na "anguine", inatamkwa takriban "ang-gwin".

Chatu kubana windo ni picha nzuri, nakubali. Ila uzuri wa picha si ushahidi wa nasaba.

NusuKamusi
Sawa mzee, lakini wimbi la sauti ni moja. Ang-, ang-. Huwezi kuniambia watu wa kale hawakuyasikia yanafanana.

MzeeWaMizizi
Kuyasikia yanafanana ni jambo moja, kuzaliwa tumbo moja ni jingine. Kwa mtindo huo nitakwambia nyoka ameitwa nyoka kwa sababu amenyooka.

MtambaaPembeni
Ngoja kwanza, kwani siyo???

MzeeWaMizizi
Siyo. Jina hilo tumelikuta kabla hata hatujaanza kujiita Waswahili. Wazulu wanasema *inyoka*, Washona *nyoka*, Wachewa *njoka*, Wanyarwanda *inzoka*. Ni jina la Kibantu la zamani sana. Kunyooka kuna o mbili, na maana yake ndiyo kitu cha mwisho utakachomsifia mnyama yule. Turudi kwa Warumi.

Bint_Herufi
Mimi nimejaribu kuliandika neno hili kwenye simu, kila mara inanigeuzia kuwa "sanguine". Nikajiuliza kama nayo ni hiyohiyo iliyoongezwa s.

MzeeWaMizizi
Swali zuri, maana hapo kuna mtego mtamu. Sanguine ni ya damu: *sanguis*. Ukiyatazama majina yenyewe, *anguis* na *sanguis*, utaapa ni mapacha. Lakini yanyambulishe. "Ya nyoka" ni *anguis*, vilevile kama lilivyokuwa. "Ya damu" ni *sanguinis*, imechomoza "in" iliyokuwa imejificha ndani ya shina. Kwa hiyo ile "in" ya sanguine ni ya damu yenyewe tangu kuzaliwa, na "in" ya anguine ni ya kiambishi, imepachikwa. Maneno mawili yamevaa shati la aina moja, mmoja kalinunua, mwingine karithi.

Na simu yako usiilaumu. Anguine ni nadra kiasi kwamba hata wahariri wa Kiingereza wakiiona hudhani ni kosa la chapa.

KalamuButu
Mzee, ahsante. Sasa nisaidie kipande cha pili. Kama *anguis* ndilo lilikuwa jina la nyoka, huyu *serpens* katokea wapi hadi akamnyang'anya mwenzake kiti? Maana leo dunia nzima inajua serpent, hakuna anayejua anguis.

MzeeWaMizizi
Hapo ndipo kwenye utamu.

*Serpens* mwanzoni halikuwa jina la mnyama. Ni kitenzi *serpere*, kutambaa, kilichogeuzwa kuwa sifa: "anayetambaa". Mtambazi. Wagiriki wana *herpein* kwa maana hiyohiyo, ndiko ilikotoka herpetolojia, elimu ya wanyama watambaao, na hata herpesi, ugonjwa wa malengelenge yanayotambaa juu ya ngozi. Wahindi wa kale nao wana *sarpa*. Yote haya yanamwita nyoka kwa mwendo wake.

*Anguis* ndilo jina lake hasa, lisilo na maelezo. Ndugu zake wametapakaa: Kilituania *angis*, nyoka mwenye sumu, Kirusi *už*, nyoka wa majani asiye na madhara, Kisanskriti *ahi*, ndilo jina analopewa Vritra, joka aliyezuia maji mpaka mungu Indra alipomuua. Wajuzi wengi humwingiza pia *aži* wa Waajemi wa kale, aliyekuja kuzaa *azhdaha*, joka la kwenye ngano za Kiajemi mpaka leo.

Sasa kwa nini jina hasa lizidiwe na jina la kupanga? Wapo wanaosema, nami naelekea huko, kwamba mnyama wa kuogofya watu hukwepa kumtaja. Wanampa sifa badala ya jina. Warusi walifanya hivyo kwa dubu: *medved* maana yake mla asali, na jina la asili likapotea moja kwa moja. "Mtambazi" ni jina la aina hiyo. Ukilitumia kizazi baada ya kizazi linakuwa ndilo jina, na lile la kwanza linabaki kwa washairi.

NusuKamusi
Nakupinga kidogo. Vergilius, mshairi wa Kirumi, anapowaeleza wale nyoka wawili waliotoka baharini wakamuua Laocoön, kuhani wa Troya, na wanawe, kwanza anawaita *angues*, baadaye *serpens*, mwishoni *dracones*. Nyoka walewale, ukurasa uleule! Kama anguis lilikuwa jina la kuogopwa, mbona kaanza nalo? Mimi naona yalikuwa visawe tu, mshairi anachagua litakaloingia kwenye mizani.

MzeeWaMizizi
Hilo pigo limeingia. Kwa Vergilius, karne ya kwanza kabla ya Kristo, hofu ilishakwisha na mizani ilikuwa na kauli yake, kweli. Mimi nasemea kipindi cha nyuma zaidi, wakati mtambazi alipoanza kuitwa mtambazi. Ila tazama mwisho wa safari: Kifaransa *serpent*, Kihispania *serpiente*, Kiromania *șarpe*. Hao wote wana mtambazi. *Anguis* kama nyoka kabaki Kiitaliano tu, *angue*, na huko ni neno la mashairi, ukilisema sokoni watakugeukia.

DadaSamaki
Jamani mmemzika anguis akiwa hai! Mimi ni mtu wa samaki, na kwetu yumo kila siku.

Warumi walimwita mkunga *anguilla*. Hiyo *-illa* ni ya kudogosha, yaani kijoka. Mpaka leo mkunga ni *anguille* kwa Wafaransa, *anguila* kwa Wahispania, *anguilla* kwa Waitaliano. Jina la kisayansi la mkunga wa Ulaya ni *Anguilla anguilla*, kijoka kijoka. Kuna na kisiwa cha Anguilla kule Karibi, kirefu chembamba, kinasemwa kiliitwa hivyo kwa umbo lake.

Halafu kuna *Anguis fragilis*, jina alilolitoa mwanasayansi Linnaeus mwaka 1758. Unasikia Anguis unadhani sasa tumempata nyoka. Wapi! Ni mjusi asiye na miguu. Utamjua kwa mawili: anakonyeza, maana ana kope zinazofunga, na nyoka hana, pili ukimkamata mkia anakuachia mkononi, ndiyo sababu ya *fragilis*, mwepesi kukatika. Na familia aliyomo, Anguidae, ina mijusi kadhaa wenye miguu minne kamili inayotembea kama kawaida.

Yaani jina la kale kabisa la nyoka leo limekaa kwa samaki na mjusi.

MtambaaPembeni
Mwana wa nyoka ni nyoka, ila kwa Kilatini mwana wa nyoka ni mkunga 😂

DadaSamaki
Na sijamaliza. Wagiriki walikuwa na *ekhis*, nyoka mwenye sumu, wakamzulia Echidna, nusu mwanamke nusu joka, mama wa mazimwi. Baadaye wataalamu wakampa jina hilo yule mnyama wa Australia mwenye miiba anayetaga mayai. Ila kwenye majina ya kisayansi anayewahi ndiye mwenye mali, na jenasi *Echidna* ilikuwa imeshachukuliwa. Na nani? Mkunga! Wale wa miambani. Mwenye miiba ikabidi atafutiwe jingine, *Tachyglossus*, mwaka 1811. Kwa watu wa mitaani bado anaitwa echidna, kwenye vitabu Echidna ni mkunga.

Kwa hiyo KalamuButu, ukiniuliza mimi, kitu cha "anguine" ni kitu chenye mwili wa aina hii. Kwetu tuna istilahi ya uogeleaji wa kimkunga: wimbi linaanzia kichwani linapita mwili mzima mpaka mkiani. Jodari hafanyi hivyo, yeye mwili kaukaza, kazi yote kaiachia mkia. Anguine kwangu ni mwili ambao wote ni kiungo kimoja kinachofanya kazi.

NyotaYaKusi
Angani pia yumo. Kundinyota la Ophiuchus, mshika nyoka, Warumi walilitafsiri *Anguitenens*. Nyoka wake, Serpens, ndilo pekee kati ya makundinyota 88 lililokatika vipande viwili: kichwa upande mmoja wa mshikaji, mkia upande wa pili. Jua hupita kwa huyu bwana kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Desemba, ila wapiga ramli hawamhesabu.

Na Vergilius huyohuyo wa NusuKamusi anawaita nyota za Draco, kundinyota la joka, *Anguis*, akisema anapita katikati ya Dubu wawili kama mto. Kwa hiyo mizani au si mizani, jina alilipenda.

KalamuButu
Nimeshiba aisee. Lakini kazi yangu bado haijaisha. Nikiandika "subira ya nyoka" au "subira ya kinyoka"? Ninavyohisi si kitu kimoja.

Bint_Herufi
Si kimoja kabisa. "Ya nyoka" ni mali yake: sumu ya nyoka, gamba la nyoka. "Ya kinyoka" ni mwigo wa namna yake, kama tunavyosema roho ya kinyama au mambo ya kitoto. Anayefanya mambo ya kitoto si mtoto, ndiyo maana anasemwa. Mizizi si nyoka, kwa hiyo "kinyoka".

MzeeWaMizizi
Tofauti hiyo Kilatini hakikuwa nayo kwenye *anguinus*, kilibeba yote mawili kwa gunia moja. Mfano maarufu kuliko yote wa kivumishi hiki ni *ovum anguinum*, na wenyewe ni kisa.

Plinius, yule mwandishi wa Kirumi aliyekufa mwaka 79 volkano ya Vesuvius ilipolipuka, anaandika kuhusu yai lililotukuzwa na makuhani wa Gaul, Ufaransa ya kale. Wakasema wakati wa kiangazi nyoka wengi hujisokota pamoja, na mate yao na povu la miili yao hugandamana likawa yai. Nyoka wakipiga mluzi yai linarushwa juu. Mtu anatakiwa alidake kwa joho kabla halijagusa ardhi, kisha atoke mbio kwa farasi, kwa sababu nyoka watamfukuza mpaka mto uwatenganishe naye. Lililo la kweli lingeelea kupanda mkondo hata likivishwa dhahabu. Na faida yake? Kushinda kesi na kukubalika kwa wafalme.

Plinius anasema yeye mwenyewe aliliona moja. Ukubwa wa tufaha dogo la mviringo, ganda gumu kama gegedu, limejaa vishimo kama vikombe vya mkono wa pweza. Hayo si maelezo ya yai. Wengi siku hizi wanadhani lilikuwa kisukuku, gamba la kale la yule kiumbe wa baharini mwenye miiba aliye kama mpira.

Kisha anatupa habari ya mtu mmoja wa tabaka la wapanda farasi, wa kabila la Vocontii, aliyekwenda mahakamani kaficha yai kifuani. Kaizari Claudius akaamuru auawe kwa sababu hiyo na si nyingine, kwa kauli ya Plinius.

MtambaaPembeni
Hirizi ya kushindia kesi ikampa hukumu ya kifo. Hapo mganga anasema "hukufuata masharti".

NusuKamusi
Sasa mzee, hilo yai ni la nyoka au la kinyoka?

MzeeWaMizizi
Kwa makuhani, la nyoka. Kwa Plinius, nadhani hata kinyoka alilikatalia. Kwa sisi tunaojua visukuku, la kinyoka kwa jina tu. Kilatini kimewaridhisha wote watatu kwa neno moja.

KalamuButu
Basi nawaza hivi, mnikosoe. Serpentine kwa Kiingereza cha leo imekuwa neno la umbo. Barabara ya milimani, mto, foleni ndefu yenye mapindo. Hata lile jiwe la kijani lenye mabaka kama ngozi limechukua jina hilo. Mnyama keshatoka humo, yamebaki mapindopindo. Huyu mwandishi hakutaka mapindo. Mizizi kupindapinda kila mtu anaiona. Alimtaka mnyama mwenyewe, akachukua neno ambalo bado lina nyoka ndani kwa kuwa halijachoshwa na barabara.

DadaSamaki
Hapo umegonga. Na linaendana na "subira". Mapindo hayana subira. Mwenye subira ni kifutu: anajilaza kwenye majani makavu, hajongei, windo linakuja lenyewe. Watu hukumbwa naye kwa sababu hakimbii wanapomkaribia, amelala palepale kimya.

Bint_Herufi
Vipi kuhusu "ophidian"? Nalo si la nyoka?

MzeeWaMizizi
Ni la Kigiriki, *ophis*. Hilo limeangukia kwa wanasayansi zaidi. Wanajiolojia wana ofiolaiti, mwamba wa sakafu ya bahari uliosukumwa nchi kavu, jina alilolibuni Mfaransa Brongniart mwaka 1813. Wanazuolojia wana ofiuroidi, "mkia wa nyoka", ndugu wa kiti cha pweza mwenye mikono myembamba inayojipinda. Ukimwandikia msomaji wa hadithi ophidian anasikia harufu ya maabara. Kuna pia colubrine na viperine. Hilo la mwisho lina sumu ndani yake, ukimwambia mtu ana ulimi wa hivyo umemtukana.

NusuKamusi
Kwa hiyo KalamuButu anahitaji Kiswahili chenye nyoka aliye hai, nadra kidogo, kisichonuka maabara. "Kinyoka" kwangu kina kasoro: msomaji atasikia usaliti. Kwetu nyoka akihamia kwa binadamu ni unafiki tu. "Subira ya kinyoka" itasomeka mizizi ina njama na ukuta.

Bint_Herufi
Kwani haina? Inaubomoa polepole huku imeukumbatia.

NusuKamusi
😅 Hapo sina jibu.

KalamuButu
Nimeandika hivi: "Mizizi imeukumbatia ukuta kwa subira ya joka lililoshiba." Nimeacha kuing'ang'ania sarufi ya kivumishi. Joka limenipa ukubwa, na mnyama yumo mzimamzima.

DadaSamaki
"Lililoshiba" umeongeza wewe. Aliyeshiba hana haja ya kusubiri, na ule mti bado unakula ukuta. Toa.

KalamuButu
"Kwa subira ya joka." Imetoka. Na imekaa vizuri zaidi hivyo.

MzeeWaMizizi
Naiunga mkono. Ila mhariri wako akikuuliza kivumishi kimekwenda wapi, mwambie kimekuwa nomino.

MtambaaPembeni
Kabla uzi haujafungwa, na "kobra" je? Nayo Kilatini?

MzeeWaMizizi
Kilatini kupitia Ureno. *Colubra* ya Kilatini ikawa *cobra* kwa Wareno, na kwao maana yake ni nyoka yeyote. Walipofika India wakamwona mwenye shingo ya kutanuka wakamwita *cobra de capelo*, nyoka wa kofia. Wageni wengine wakalichukua jina wakaiacha kofia. Kwa hiyo ukimwambia Mreno umeumwa na cobra hujamwambia chochote, atakuuliza "ipi?" Mwambie fira.

MtambaaPembeni
Nikiumwa na fira sitakuwa na muda wa kuongea na Mreno, mzee.